Masharti ya mtaa yaliyokufa kimya kimya Florida, na namna ya kuyarudisha

Chama cha wenye nyumba kinaweza kuwa na bodi, akaunti ya benki, mkutano wa kila mwaka na michango inayolipwa kwa wakati, na bado kisiwe na sharti hata moja linalombana mwanachama. Florida hali hii huingia bila barua wala kelele. Tamko la masharti, yaani waraka unaobeba masharti yote ya mtaa, liko kwenye kumbukumbu za kaunti, kurasa zote zipo, saini zote zipo, lakini nguvu yake imeshatoka, kiwanja kimoja baada ya kingine. Mara nyingi bodi hugundua siku imempeleka mtu mahakamani kwa deni la michango na wakili wa upande wa pili akauliza: masharti haya yalihifadhiwa lini?

Chanzo ni sheria ya mwaka 1963, iliyo katika sura ya 712 ya sheria za Florida, ambayo mawakili huiita kwa kifupi MRTA. Shabaha yake ni njema. Anayenunua nyumba asilazimike kupekua hati za miaka mia. Anarudi nyuma hadi hati ya mwisho iliyoandikishwa angalau miaka 30 iliyopita, na mizigo iliyoitangulia hati hiyo, yaani masharti na madai ya wengine juu ya ardhi, inafutika, isipokuwa ile ambayo sheria imeitaja kuwa inabaki au iliyohifadhiwa kwa taarifa maalumu. Majimbo mengine yana sheria za namna hii na hesabu zao wenyewe (Michigan ni miaka 40), kwa hiyo kila kinachofuata hapa ni cha Florida tu.

Bodi nyingi hujipa moyo kwa kifungu kilicho ndani ya tamko lenyewe, kile kinachosema masharti yatadumu miaka 25 kisha yatajiongeza kwa vipindi vya miaka 10. Kifungu hicho huzuia tamko lisiishe kwa muda wake lenyewe. Dhidi ya MRTA hakifui dafu. Hizo ni saa mbili tofauti, na zote mbili zinatembea.

Namna kiwanja kinavyochomoka

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo watu huharakisha. Chukua mfano wa mtaa wenye viwanja 120. Mwendelezaji, yaani aliyeugawa na kuuza mtaa, alinunua shamba zima mwaka 1984, akaandikisha ramani ya viwanja 1985, na tamko la masharti Machi 1986. Sasa tazama viwanja vitatu vilivyopakana.

Kiwanja 14 mwendelezaji alikiuza Juni 1987. Kiliuzwa tena 1993, na tena 2011. Hati inayohesabika kuwa mwanzo wa umiliki, tuiite shina, ni ile ya mwisho iliyotimiza miaka 30. Mpaka Mei 2017 shina la kiwanja 14 lilikuwa hati ya 1984, ile ya shamba zima. Tamko la 1986 lilikuja baada yake, kwa hiyo lilikuwa hai. Juni 2017 hati ya 1987 ikatimiza miaka 30 ikawa shina mpya. Tamko la 1986 sasa liko nyuma ya shina, na mwezi huo huo kiwanja 14 kikawa huru. Haikuhitajika kuuzwa, haikuhitajika kesi, na hakuna aliyepata taarifa.

Kiwanja 15 mwendelezaji alikaa nacho hadi Oktoba 1996. Shina lake litahama Oktoba 2026, na hadi siku hiyo masharti yanakibana kama kawaida.

Kiwanja 16 kiliuzwa mwezi ule ule na kiwanja 14, lakini katika maelezo ya kiwanja hati yake ilitaja tamko la masharti kwa namba ya kitabu na ukurasa lilipoandikishwa. Kutajwa huko kumekiokoa. Hati inayosema tu kwamba nyumba inauzwa "kwa kufuata masharti na vizuizi vyote vilivyoandikishwa" haiokoi kitu. Sheria inataka tamko lenyewe litambulike kwa kitabu na ukurasa, namba ya waraka au jina la ramani. Baada ya marekebisho ya 2022 inataka pia kutajwa huko kuwe ndani ya maelezo ya kisheria ya kiwanja, au kuwe na kauli ya wazi kwamba masharti yanahifadhiwa. Kama rejea iko mahali pengine ndani ya hati, usiamue mwenyewe. Mpe wakili wa ardhi aisome.

Kwa hiyo jirani wa kushoto yuko huru, wa katikati anabanwa mpaka 2026, na wa kulia anabanwa bado. Ndiyo sababu swali la "je, masharti yetu yamekufa?" halina jibu moja kwa mtaa mzima. Jibu liko kiwanja kwa kiwanja.

Tengeneza jedwali. Safu ya kwanza namba ya kiwanja, ya pili tarehe ya kuandikishwa hati ya kwanza kutoka kwa mwendelezaji, ya tatu kitabu na ukurasa wake, ya nne hati zote zilizofuata na kama kuna yoyote iliyotaja tamko kwa namba, ya tano tarehe ya kufa. Angalia tarehe ya kuandikishwa, siyo ya kusainiwa. Hati iliyosainiwa Desemba na kuandikishwa Februari inahesabika Februari. Kaunti nyingi kumbukumbu zake zinapekuliwa mtandaoni. Kwa mtaa wa viwanja 120 kazi hii si ya jioni moja, na bodi inayoiruka ili kuokoa pesa hulipia baadaye, kwa sababu barua zote, fomu zote na ramani zote zinazofuata zinatokana na jedwali hili.

Kinachobaki na kinachoondoka

Chama chenyewe hakifi. Ni kampuni iliyosajiliwa na jimbo, inaendelea kuwepo, inaendelea kumiliki barabara za ndani, lango na bwawa la kukusanya maji ya mvua ikiwa hati zake ziko kwa jina la chama. Kibali cha bwawa hilo kutoka wilaya ya usimamizi wa maji kinaendelea pia, na wilaya hiyo haijali kama wanachama wanachanga au hawachangi. Kinachoondoka ni uwezo wa kumlazimisha mwenye kiwanja kilichochomoka: kumdai michango kama wajibu, kuandikisha deni juu ya nyumba yake, kumtaka aombe idhini kabla ya kujenga uzio. Mzigo unabaki kwa chama, na chanzo cha pesa kinakuwa hiari ya watu. Mtaa ambao nusu ya viwanja vyake vimechomoka unaweza kufika mahali ambapo wenye kulipa wanawabebea wasiolipa bwawa lile lile, na mvua kubwa ya kwanza ndiyo itakayoonyesha nani hakuchangia kusafisha mfereji.

Kabla ya kitu kingine chochote

Ikiwa jedwali limeonyesha hata kiwanja kimoja ambacho bado kiko hai, usianze na kurudisha. Anza na kuhifadhi. Tangu Oktoba 2018 chama kinaweza kuandikisha taarifa fupi inayohifadhi masharti kwa miaka 30 mingine, na ile kura ya theluthi mbili ya bodi iliyokuwa ikitakiwa zamani iliondolewa. Taarifa hiyo ina jina kamili la kisheria la chama, anwani yake ya posta na ya mahali, majina ya ramani za viwanja zinazohusika, jina, anwani na simu ya meneja kama yupo, kauli kwamba chama kinataka kuhifadhi masharti, orodha ya masharti hayo kwa majina na namba za kuandikishwa, na maelezo ya kisheria ya eneo, ambayo yanaweza kuwa rejea ya ramani iliyoandikishwa. Ofisa wa chama anasaini na saini inathibitishwa kama ya hati ya nyumba.

Kosa la kawaida hapa ni kuorodhesha tamko la kwanza na kusahau marekebisho yake. Kila rekebisho lililoandikishwa lina kitabu na ukurasa wake, litaje. Kosa la pili ni jina. Chama kilichosajiliwa kwa jina moja na kujiita jingine kwenye barua zake kwa miaka ishirini kiandike lile la usajili.

Taarifa hii haifufui kiwanja 14. Inazuia kiwanja 15 kisimfuate. Iandikishe wiki ya kwanza, kwa sababu kurudisha masharti kutachukua miezi, na katika miezi hiyo viwanja vingine vitatimiza miaka yao.

Kamati na maandishi

Kwa viwanja vilivyokwisha kuchomoka, njia iko kwenye sehemu ya tatu ya sura ya 720, ile ya vyama vya wenye nyumba, vifungu 720.403 hadi 720.407. Tangu 2018 njia hiyo hiyo imefunguliwa pia kwa mitaa isiyo na chama cha lazima. Inaanza na kamati ya wamiliki wasiopungua watatu wa mtaa huo. Bodi inaweza kuwemo, lakini kazi ni ya kamati, na majina, anwani na namba za simu za wajumbe wote lazima ziwe kwenye kila taarifa inayotumwa kwa wamiliki. Barua yenye majina bila simu ni barua yenye kasoro, hata kama kila mtu mtaani anawafahamu.

Kamati inaandaa maandishi kamili: tamko linalorudishwa, hati ya kuundwa kwa chama, na kanuni za ndani. Kila kiwanja kinatajwa kwa maelezo yake ya kisheria na kwa jina la mmiliki, au jina lililoko kwenye daftari la mwisho la kodi la kaunti. Anwani ya barabara haitoshi. "Kiwanja 14, kitalu B, kwa mujibu wa ramani iliyoandikishwa kitabu fulani ukurasa fulani" ndiyo maelezo ya kisheria.

Sasa lile ambalo ningependa kila kamati ilibandike ukutani: tamko linalorudishwa haliruhusiwi kuwa kali kuliko lile lililokufa. Linaweza kuwa na muda mrefu zaidi. Linaweza kuacha masharti ya zamani, linaweza kuhusu viwanja vichache kuliko vya awali, linaweza kuweka utaratibu wa marekebisho na yale ambayo sura ya 720 inayataka katika matamko mapya. Lakini mgao wa kura kwa kila kiwanja unabaki ule ule, mgao wa michango unabaki ule ule, na kifungu cha marekebisho kinabaki kile kile. Kama hakikuwepo, kinachowekwa kitake angalau theluthi mbili ya wamiliki wanaohusika.

Kamati nyingi hujikwaa hapa, na hujikwaa kwa nia nzuri. Wamekaa na tamko la miaka ya themanini, wanaona halisemi kitu juu ya nyumba zinazopangishwa kwa siku mbili tatu, halisemi kitu juu ya magari ya kibiashara, na wanasema, maadamu tunaandika upya, tuongeze. Sentensi moja ya nyongeza inatosha kufanya ombi zima likataliwe na jimbo. Hata lugha ya "kusafisha" ni hatari. Tamko la zamani likisema "uzio usizidi futi 6" na jipya likasema "uzio usizidi futi 6 na uwe wa mbao", hilo ni sharti jipya. Chapa maneno ya zamani kama yalivyo, hata pale yanapochosha kusoma. Rudisha ulichokuwa nacho kwanza. Kurekebisha kuna wakati wake.

Marekebisho ya zamani yana mtego wake. Rekebisho lililoandikishwa 2005, viwanja vyote vikiwa hai, ni sehemu ya masharti ya awali na linaingia. Rekebisho la 2019 lilimkuta kiwanja 14 ameshatoka tangu 2017. Kwa kiwanja hicho halikuwahi kuwa sharti, na ukiliingiza kwenye tamko linalorudishwa umekiwekea jambo jipya. Ushauri wangu ni kuweka mstari kwenye tarehe ambayo kiwanja cha kwanza kilichomoka, kuingiza yaliyoandikishwa kabla yake, na kuyaacha ya baadaye yapigiwe kura upya masharti yakisharudi.

Kuna kitu kimoja cha zamani kisichochapwa upya. Matamko ya nusu ya kwanza ya karne ya ishirini mara nyingi yana vifungu vinavyokataza watu wa rangi au asili fulani kununua au kuishi mtaani. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuvitekeleza mwaka 1948, katika kesi ya Shelley na Kraemer, na sheria ya Florida ya 2020 inavitamka kuwa batili na vimefutika, tena inairuhusu bodi kuviondoa kwa kura ya wengi wa wajumbe wake mmiliki akiomba. Kuacha sharti kunaruhusiwa. Viache, na usiviache kwa aibu ya kimya. Mweleze kila mmiliki kwenye barua kwamba kifungu hicho kimeondolewa na kwa nini.

Siku 14 na kura 61

Maandishi kamili pamoja na ramani au mchoro wa eneo yanamfikia kila mmiliki anayehusika, kwa posta au kwa mkono, siku zisizopungua 14 kabla ya kuombwa idhini. Muhtasari wa kurasa mbili hautoshi, wala barua inayosema nakala ziko ofisini. Furushi zima, kwa kila mmoja. Aliyepeleka aandike kiapo chenye orodha ya majina, anwani na tarehe, na risiti za posta ziwekwe kwenye jalada siku hiyo hiyo.

Idhini inapatikana kwa njia mbili: saini za maandishi, au kura kwenye mkutano ulioitishwa kwa utaratibu wa kifungu 720.306. Kwa mkutano, ushahidi wa taarifa na muhtasari wa kikao unaoonyesha kura lazima uthibitishwe na mwandishi rasmi wa mahakama au wakili mwenye leseni ya Florida. Katibu wa chama hawezi kuithibitisha kazi hiyo. Mimi napendelea saini za maandishi kwa mtaa mkubwa, kwa sababu zinakusanywa nyumba kwa nyumba na hazitegemei mvua ya jioni ya mkutano.

Wengi maana yake ni wengi wa wamiliki wote wanaohusika, si wa waliohudhuria. Viwanja 120 vinataka 61. Akidi ya mkutano haiongezi wala haipunguzi namba hiyo. Mkutano wenye watu 50 waliokubali wote kwa kauli moja umeshindwa.

Usisimame kwenye 61. Saini huanguka: mke amesaini peke yake wakati hati ina majina mawili, nyumba iko kwa jina la kampuni na aliyesaini hakuandika cheo chake, mali iko kwenye amana na mtoto wa marehemu amesaini kama mrithi, jina limeandikwa "Bob" na hati inasema Robert. Lenga 70 na zaidi. Fomu iwe na jina kama lilivyo kwenye hati, cheo pale kinapohitajika, maelezo ya kisheria ya kiwanja, kauli kwamba msaini amepokea maandishi kamili, na nafasi ya tarehe inayojazwa kwa mkono wake. Saini yenye tarehe ya siku ya 13 tangu maandishi yapelekwe ni karatasi tupu.

Wapo watakaokataa, na kukataa kwao kuna uzito. Mtu wa kiwanja 14 leo ana mali isiyobanwa. Kura ya majirani zake itambana tena bila ridhaa yake. Sheria imeruhusu hivyo, ila imewawekea kamati wajibu wote huu wa siku, nakala na viapo kwa sababu hiyo hasa. Mjibu kwa maandishi anayeuliza. Usimwache nje ya tamko ili tu kuepuka ugomvi: inaruhusiwa kurudisha masharti kwa viwanja vichache, lakini kiwanja kilichoachwa katikati ya mtaa kitaendelea kutumia barabara na bwawa bila wajibu wowote, na atakayekinunua kesho anaweza kuwa mtu mgumu kuliko huyu wa leo.

Jalada la idara

Baada ya idhini kupatikana kuna siku 60 za kuwasilisha jalada kwa Idara ya Biashara ya Florida. Ilikuwa Idara ya Fursa za Kiuchumi hadi jina lilipobadilika 2023, kwa hiyo miongozo ya zamani ina jina la zamani. Kwa saini zinazokusanywa moja moja, hesabu siku 60 kuanzia saini iliyokufikisha kwenye wengi, siyo ile ya mwisho uliyoipata miezi mitatu baadaye. Ndiyo maana jalada liwe tayari kabla fomu ya kwanza haijatoka nyumbani kwa mjumbe.

Ndani yake: maandishi kamili yanayorudishwa; nakala zilizothibitishwa za tamko la awali, hati za chama za awali na marekebisho yote; maelezo ya kisheria ya kila kiwanja na ramani; nakala zilizothibitishwa za fomu za idhini, au taarifa, mahudhurio na matokeo ya kura kama ulikuwa mkutano; na kiapo cha ofisa wa chama wa sasa au wa zamani, au mjumbe wa kamati, kwamba matakwa ya kifungu 720.404 yametimizwa.

Kinachopotea zaidi ni kanuni za ndani za awali. Tamko liliandikishwa kaunti, hati ya kuundwa iko kwenye usajili wa makampuni wa jimbo, lakini kanuni za ndani mara nyingi hazikuandikishwa popote. Zitafute kwenye majalada ya wakili wa zamani, kwa meneja aliyepita, na kama kiambatisho nyuma ya tamko lenyewe, ambako wendelezaji wa zamani walipenda kuzichomeka.

Idara nayo ina siku 60 kuamua. Ikikataa, inaandika kasoro moja moja. Inachokagua ni kama utaratibu na maandishi yanafuata sheria. Haiamui kama kiwanja fulani kilikufa lini, wala haimalizi ugomvi kati ya majirani.

Kuandikisha

Barua ya kibali ikifika, kuna siku 30 za kusajili hati ya kuundwa kwa chama kama haikuwa imesajiliwa, kisha siku 30 za rais na katibu kusaini na kuandikisha kwa karani wa mahakama wa kaunti, ambaye ndiye mtunza kumbukumbu za ardhi. Kinachoandikishwa ni tamko, hati ya kuundwa, kanuni za ndani, barua ya kibali na maelezo ya viwanja vyote.

Kwenye faharasa ya kaunti chama kinaingia kama mpokeaji, na kila mmiliki aliyetajwa anaingia kama mtoaji. Hakikisha karatasi ya juu inayotolewa kwa karani inasema hivyo na inaorodhesha majina yote. Tamko lililoingizwa kwa jina la chama peke yake halitaonekana mtu akipekua jina la mwenye kiwanja 14. Ada ya karani ni dola 10 kwa ukurasa wa kwanza na dola 8.50 kwa kila ukurasa unaofuata, na majina yakizidi manne, dola 1 kwa kila jina la ziada. Waraka wa kurasa 85 wenye majina 205 unakwenda hivi: 10, jumlisha 714 za kurasa 84, jumlisha 201 za majina, jumla dola 925. Acha nafasi tupu ya inchi 3 kwa 3 juu kulia kwenye ukurasa wa kwanza, na inchi 1 kwa 3 kwenye kurasa nyingine, na majina ya wote waliosaini yachapwe chini ya saini zao. Waraka unaokosa haya unaweza kurudishwa dirishani siku ya 29.

Mara tu unapoandikishwa, nakala kamili ya vyote inapelekwa kwa kila mmiliki, kwa posta au mkono. Tena furushi zima.

Yasiyorudi nyuma

Kwa kiwanja kilichokuwa bado hai, tamko lililorudishwa linachukua nafasi ya lile la zamani na cheo chake kile kile cha tarehe. Kwa kiwanja 14, linaanza siku ya kuandikishwa. Uzio wa futi 8 uliojengwa 2020 ulijengwa na mtu aliyekuwa huru kuujenga. Michango ya miaka ile haidaiki kwa nguvu ya tamko hili. Na mkopo wa benki ulioandikishwa juu ya nyumba hiyo wakati wa pengo unatangulia masharti yaliyorudi. Bodi inayotuma ankara za miaka ya nyuma wiki moja baada ya kibali inajitafutia kesi ambayo itashindwa, na kuwaudhi watu wale wale ambao kura zao itazihitaji muda si mrefu.

Itazihitaji kwa sababu sasa ndipo wakati wa marekebisho, kwa kiwango cha kura kilichoko kwenye kifungu cha tamko. Rekebisho likiandikishwa kwa jina la kisheria la chama na kutaja namba za kuandikishwa za tamko, lenyewe pia linahesabika kama hifadhi ya masharti hayo. Kwa upangishaji kuna mpaka wa ziada tangu Julai 2021: katika vyama vya viwanja zaidi ya 15, rekebisho linalozuia au kudhibiti upangishaji linambana anayenunua baadaye na aliyelikubali tu, isipokuwa lile la kuzuia upangishaji wa chini ya miezi 6 au wa zaidi ya mara tatu kwa mwaka, ambalo linaweza kuwabana wote. Na kila mwaka, kwenye kikao cha kwanza cha bodi baada ya mkutano wa mwaka, bila kuhesabu kile cha kugawana nyadhifa, sheria inataka suala la kuhifadhi masharti liwe kwenye ajenda. Liandikwe kwenye muhtasari pamoja na tarehe ya kuandikishwa na tarehe ya miaka 30, ili katibu wa miaka ishirini na tano ijayo, ambaye huenda hajahamia mtaani bado, aikute.